Je, wajua tangi la maji taka la nyumba yako liko wapi?

Ukiulizwa swichi kubwa ya stima ya nyumba yako iko wapi, utajibu upesi. Ukiulizwa mita ya maji iko wapi, hutasita. Lakini ukiulizwa tangi la maji taka, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la septiki, limezikwa sehemu gani ya ploti yako, huenda ukaanza kukuna kichwa. Usione haya, kwani hauko peke yako. Aliyenunua nyumba hakuuliza, aliyekodi hakuambiwa, na fundi aliyelijenga alihama zamani.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la fundi wa mabomba, wala si la daktari. Mimi nakataa. Mgonjwa akija kwangu na homa ya matumbo nitampa dawa na atapona. Lakini kama nyumbani anateka maji katika kisima kilicho karibu na tangi linalovuja, basi nimemtibu ili arudi kuugua. Mficha maradhi, wasema wahenga, kifo humuumbua. Nasi tumeyafukia maradhi yetu ardhini, tukapanda nyasi juu yake na kusahau.

Hebu tutazame hali ilivyo hapa Kakamega. Mtaa wa Kefinco ulipata jina lake kutokana na mradi wa maji wa Kenya na Finland ulioanza miaka ya 1980, ambao ulichimba visima vya pampu za mkono katika sehemu nyingi za Magharibi. Watu waliposhukuru kwa kisima, nyumba zilikuwa zimetawanyika. Leo mambo ni mengine. Tangu Masinde Muliro kiwe chuo kikuu kamili mwaka 2007, mashamba ya mahindi kuelekea Lurambi yamegeuka kuwa vyumba vya wanafunzi na nyumba za kupangisha. Palipokuwa na boma moja lenye choo kimoja cha shimo, leo pana milango kumi au zaidi. Mfereji wa maji taka wa mji haufiki kila mtaa, kwa hivyo kila mwenye ploti huchimba tangi lake. Na kwa kuwa maji ya mfereji hukatika, wengi huchimba kisima pia.

Sasa, ndugu msomaji, chukua kalamu tupige hesabu. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi na wataalamu wa afya ni kwamba kisima kiwe angalau meta 30 kutoka kwa choo au shimo la kufyonzea maji taka. Ploti ya kawaida mjini ni futi 50 kwa 100, yaani karibu meta 15 kwa 30. Hata ukiweka kisima kwenye kona moja na tangi kwenye kona ya mbali kabisa, utafikia kipimo hicho kwa shida. Lakini tangi la jirani je? Huenda liko meta tano tu nyuma ya ua wako. Ndiyo maana nasema kujua tangi lako peke yake hakutoshi.

Historia inatufunza. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alionyesha kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja katika barabara ya Broad Street, na mkono wa pampu hiyo ukaondolewa. Lakini maji yalichafuliwa na nini? Jibu lilipatikana mwaka uliofuata, ardhi ilipochimbwa. Chini ya nyumba iliyokuwa kando ya pampu hiyo palikuwa na shimo la uchafu ambalo matofali yake yalikuwa yameoza, na halikufika hata meta moja kutoka kwa kisima. Ndani ya nyumba hiyo mtoto mchanga alikuwa ameugua, na maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa shimoni humo. Watu waliyasifu maji ya pampu hiyo kwa utamu wake. Kwa hivyo usinieleze kuwa maji ya kisima chako ni safi kwa sababu yanang'aa. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini ya aina ya A havionekani kwa macho.

Yafaa pia ieleweke kwamba maji si hatari pekee. Mvua zetu ni nyingi, na vifuniko vya zamani huoza chuma chake pole pole. Mtoto anayecheza au gari linalorudi nyuma juu ya kifuniko kisichojulikana kilipo huweza kutumbukia. Vilevile, tangi lisilojulikana halinyonywi. Uchafu mzito hujaa, ukaingia katika shimo la kufyonzea na kuliziba, na hatimaye maji machafu yakachomoza uani wanakocheza watoto.

Utalipataje basi? Anzia chooni. Tazama bomba kubwa linatoka upande gani wa nyumba, kisha fuata mteremko, kwani maji taka huteremka. Njiani utakuta vishimo vya kukagulia vyenye vifuniko vya saruji. Huenda vimefunikwa na udongo. Funua kimoja, mwambie mtu amwage maji chooni, nawe utaona yanaelekea wapi. Tafuta bomba la kutolea hewa lililosimama peke yake. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, angalia nyasi zinazobaki kijani wakati nyingine zimekauka. Wakati wa mvua, angalia ardhi iliyobonyea. Na mgomba ulionawiri peke yake katikati ya ua usiusifu tu. Watu wetu wana desturi ya kupanda migomba juu ya mashimo ya vyoo vya zamani.

Waulize pia wazee wa mtaa, mpangaji wa zamani na dereva wa gari la kunyonya maji taka. Iwapo nyumba ilijengwa kwa ramani iliyoidhinishwa, huenda tangi limechorwa humo. Ukishakadiria mahali, chomachoma udongo taratibu kwa chuma chembamba mpaka kigonge saruji. Usitumie mtaimbo kwa nguvu, kwani bomba litapasuka. Usisimame pale unapodhani kifuniko kipo.

Hapa naomba unisikize vizuri. Ukilipata, usiingie ndani, wala usimruhusu kibarua yeyote aingie, hata kwa dakika moja. Usichungulie ukiwa na sigara wala kibiriti, kwa maana mna gesi inayoweza kulipuka. Mna gesi nyingine yenye harufu ya yai bovu. Ikizidi huifisha pua, mtu akadhani imekwisha kumbe ndiyo inamuua. Mara kwa mara tumesoma magazetini habari za mtu aliyezimia shimoni, na wa pili na wa tatu wakafa wakijaribu kumwokoa. Mtu akianguka humo, piga kelele, ita wazima moto, lakini usimfuate.

Baada ya hayo, usiache ujuzi huo ukapotea tena. Pima kwa futi kamba kutoka kona moja ya nyumba hadi katikati ya kifuniko, kisha kutoka kona ya pili. Vipimo hivyo viwili vitamwezesha mtu yeyote kulipata hata baada ya miaka thelathini. Vichore kwenye karatasi, onyesha shimo la kufyonzea, kisima na vyoo vya zamani, kisha andika tarehe ya mwisho tangi liliponyonywa. Kwa nyumba nyingi, miaka mitatu hadi mitano inatosha kati ya kunyonya na kunyonya, kulingana na idadi ya watu. Nakala moja weka pamoja na hatimiliki. Nyingine mpe jirani, naye akupe yake.

Lakini hisani ya majirani haitoshi. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama na ya viwango vinavyofaa vya usafi. Haki hiyo itakuwa maneno matupu ikiwa kisima chaweza kuchimbwa bila mtu kuuliza kilicho chini ya ploti inayopakana nacho. Kwa maoni yangu, serikali ya kaunti idai mchoro wa namna hiyo kabla ya kisima chochote kuchimbwa mjini, na mwenye nyumba asipangishe wala kuuza bila kuutoa. Najua wenye nyumba watalalamika kuhusu gharama. Gharama gani? Futi kamba, karatasi moja na asubuhi moja ya Jumamosi.

Wakati tukiingojea sheria hiyo, kama hujui kisima chako kiko umbali gani kutoka kwa mashimo yaliyokizunguka, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa ya klorini. Kisha Jumamosi hii, uliza swali lile kwa jirani aliye upande wa juu wa mteremko: tangi lenu liko wapi? Huenda akacheka. Mngoje amalize kucheka, kisha mkatafute pamoja.