Tunapima udaktari au tunapima Kizungu?

Ndugu msomaji, wewe uliyewahi kupanga foleni hospitali ya wilaya tangu alfajiri, ukaambiwa saa nane mchana kwamba daktari ni mmoja na ameitwa chumba cha upasuaji, habari hii ni yako. Isome hadi mwisho kabla hujaifungia vitumbua.

Nchi yetu haina mtihani wa pekee wa kuingilia udaktari. Lango letu ni mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita, katika masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia, yale ambayo vijana huyaita PCB. Ukiwaacha wale wachache wanaopanda kupitia stashahada ya utabibu, asiyefaulu vizuri masomo hayo matatu haoni ndani ya Muhimbili, Bugando, KCMC wala chuo kingine chochote kinachotoa shahada ya udaktari. Kwa hiyo, yule anayetunga maswali ya karatasi hizo ndiye anayechagua, miaka kadhaa kabla, ni nani atakayekupasua tumbo wewe na nani atakayemzalisha mwanao.

Gazeti hili linauliza swali moja tu: maswali hayo yanamchuja nani? Yanamchuja asiyejua jinsi moyo unavyosukuma damu, au yanamchuja asiyejua vichochoro vya Kiingereza?

Usidhani tunabuni. Baraza la Mitihani lenyewe hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zisome. Sababu zinazojirudia humo ni hizi: mtahiniwa hakuelewa matakwa ya swali, na mtahiniwa hana umilisi wa lugha ya Kiingereza. Hayo ni maneno ya wenye mtihani, si ya wapinzani. Sasa kama wewe unajua kwamba mtu ameshindwa kwa sababu hakuelewa ulichomwuliza, umempima nini? Fundi akipima ubao kwa kamba inayovutika, kosa ni la ubao?

Tutoe mfano. Swali hili tumelitunga wenyewe, kwa Kiswahili, ili kila mmoja aone ugonjwa wenyewe:

"Endapo mtu ambaye figo zake hazijapata hitilafu yoyote atajikuta katika mazingira ambamo upotevu wa maji kwa njia ya jasho unazidi kiasi kinachoingia mwilini, ni lipi kati ya mambo yafuatayo lisilotarajiwa kutokea isipokuwa pale ambapo homoni ya vasopresini imezuiwa kufanya kazi?"

Umeelewa, ndugu msomaji? Na hiyo ni lugha ya mama yako! Fikiria mtoto wa mkulima wa Nachingwea akilisoma kwa Kiingereza, saa ya ukutani inakimbia na msimamizi anapita huku na huku. Sasa lisome hivi:

"Mtu mwenye figo nzima ametoka jasho jingi na hajanywa maji. Je, vasopresini mwilini mwake itaongezeka au itapungua? Mkojo wake utakuwaje? Mkojo huo utakuwaje kama vasopresini imezuiwa kufanya kazi? Eleza sababu."

Sayansi ni ileile. Hakuna kilichopunguzwa. Anayejua atasema vasopresini itaongezeka, figo zitarudisha maji mwilini na mkojo utakuwa mchache na mzito. Vasopresini ikizuiwa, mkojo utakuwa mwingi na mwepesi hata kama mtu ana kiu. Asiyejua hataokolewa na wepesi wa lugha. Tena swali hili la pili ni gumu zaidi kwa mjanja, kwa sababu linamdai sababu, wakati lile la kwanza angeweza kubahatisha herufi akaondoka. Kurahisisha lugha ya swali hakuupunguzi mtihani ugumu. Kunauelekeza ugumu mahali unapostahili kuwa.

Tunajua watakavyojibu wakubwa. Watasema udaktari si kazi ya lelemama na mgonjwa haji na swali jepesi. Kweli kabisa! Lakini mgonjwa anakujaje? Anakuja akisema: "Dokta, kifua kinanibana, na usiku napumua kwa shida." Maneno mepesi, tena ya Kiswahili. Ugumu uko ndani ya kifua chake, hauko katika sarufi yake. Kazi ya daktari ni kuanza na maneno hayo mepesi na kuufikia ugonjwa mgumu. Mtihani wetu unafanya kinyume: unaficha jambo la kawaida nyuma ya sentensi ya kuzungusha, halafu unampa zawadi aliyezoea kuzungushwa.

Na ni nani aliyezoea? Hapa ndipo siasa inapoingia, na sisi hatuoni haya kuisema. Mtoto wa kigogo amesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea, katika zile shule za kulipia ambazo wananchi huziita akademi. Mtoto wa mlalahoi amesoma Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967, kisha asubuhi moja ya Januari anaingia Kidato cha Kwanza katika shule ya kata na kuambiwa kwamba sasa mmeng'enyo wa chakula na mzunguko wa damu ni kwa Kizungu. Mwalimu wake naye anafundisha kwa Kiswahili dirisha likiwa limefungwa, ili mkaguzi asisikie. Wote wawili wanafikishwa mbele ya karatasi moja, na tunaambiwa huo ni usawa.

Serikali haiwezi kusema haikuambiwa. Tume ya Rais iliyoongozwa na marehemu Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982 na kupendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali ya chama hikihiki ikalikataa pendekezo hilo. Sera ya Elimu iliyozinduliwa Februari 2015 ikafungua mlango wa lugha zote mbili, ngoma zikapigwa, picha zikapigwa. Hadi leo karatasi za sayansi za Kidato cha Sita ni za Kiingereza. Kati ya mwaka 2009 na 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, wakishirikiana na wataalamu wa hapa kwetu, walichukua maswali ya mtihani wa Kidato cha Pili huko Zanzibar, wakayaandika upya kwa lugha nyepesi na mengine kwa Kiswahili. Wakagundua kwamba wanafunzi wengi walioonekana hawajui kitu, walikuwa wanajua. Walichokosa ni mlango wa kuingilia ndani ya swali. Waingereza wenyewe wametusaidia kuliona tatizo la Kiingereza chetu, sisi bado tunang'ang'ania!

Badala ya kurekebisha swali, watawala wetu wamezoea kurekebisha jibu. Huu ndio ulaghai tunaotaka uukumbuke. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalipotoka, watahiniwa zaidi ya 240,000, kama asilimia 60, walikuwa na sifuri. Nchi ikazizima. Waziri Mkuu akaunda tume. Matokeo yakafutwa, alama zikachakatwa upya, na hata baada ya uchakataji huo zaidi ya nusu walibaki na sifuri. Mwishoni mwa mwaka 2013 wakatuletea daraja la tano ili neno sifuri lisisikike. Wananchi walipopiga kelele, sifuri ikarudishwa. Mwaka 2014 wakaleta mfumo wa wastani wa alama, na Januari 2016 waziri mpya akaufuta na kurudisha madaraja. Vipimo vinabadilishwa kama nguo za harusi, mgonjwa yuleyule kalala kitandani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kumbuka kwamba hakuna anayefika Kidato cha Sita bila kupita kwenye Kidato cha Nne. Daktari wako wa kesho alikuwemo katika lile kundi.

Hatusemi mpewe daktari wa alama za kugawiwa. La hasha! Daktari aliyebebwa ni hatari kuliko kukosa daktari. Tunachosema ni kwamba kushusha alama na kunyoosha swali ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza linamdanganya mgonjwa. La pili linamtafutia daktari wa kweli popote alipozaliwa.

Wala hatusemi chukueni kamusi mtafsiri usiku mmoja, mambo yaishe. Tutazame India, ambako wana mtihani mmoja wa taifa wa kuingilia vyuo vya udaktari, na huandikwa katika lugha kadhaa. Mwaka 2018 karatasi ya Kitamili ilikuwa na maswali 49 yaliyotafsiriwa vibaya, kati ya maswali 180. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru watahiniwa wa Kitamili waongezewe alama nne kwa kila swali, jumla alama 196. Mahakama ya Juu ikaitengua amri hiyo. Vijana wakabaki wanatupwa huku na huku kama mpira. Fundisho ni wazi: swali hunyooshwa kabla ya mtihani, na watu wanaojua sayansi na lugha kwa pamoja. Halinyooshwi mahakamani.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila swali la sayansi lipite mikononi mwa mwalimu wa lugha kabla halijachapwa, afute kinyume juu ya kinyume na kukata sentensi ndefu. Pili, aina mpya za maswali zijaribiwe kwanza katika shule za kata, si katika shule za vipaji peke yake. Tatu, karatasi ichapwe kwa lugha mbili ubavu kwa ubavu, na mtahiniwa ajibu kwa ile anayoimudu. Nne, kuwe na mwiko wa kugusa viwango vya alama baada ya mtihani kufanyika.

Wapo watakaouliza, akijibu kwa Kiswahili atasomaje vitabu vya udaktari? Tunawajibu: waulizeni madaktari wetu waliosomea Urusi enzi za Kisovieti. Walikwenda bila neno la Kirusi, wakapewa mwaka mmoja wa kujifunza lugha, kisha wakasoma udaktari na wakarudi kututibu. Hakuna aliyewaambia wapimwe Kirusi kabla hawajafundishwa. Basi mchague kijana kwa akili yake ya sayansi, kisha mfundishe Kiingereza cha kazi akiwa chuoni. Mbona ni jambo dogo?

Nawe kijana wetu wa PCB, ambaye pengine unasomewa tahariri hii na baba yako, usingoje serikali ikuamkie. Ukikutana na swali la kuzungusha, anza na sentensi ya mwisho, maana ndimo amri ilimo. Pigia mstari kitenzi: umeambiwa utaje, ueleze au ulinganishe? Kila "si" na "isipokuwa" vizungushie duara. Mbili zikikutana, zinafutana. Hadithi iliyobaki igeuze picha au jedwali. Swali la hesabu livunje vipande. Mtoto ana kilo 12, dawa ni miligramu 15 kwa kila kilo, chupa ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Usilitafute jibu kwa mkupuo. Kwanza 12 mara 15, ni miligramu 180. Halafu, kama miligramu 120 zimo ndani ya mililita 5, basi 180 zimo ndani ya mililita 7 na nusu. Ni hesabu hiyohiyo utakayoifanya saa nane za usiku wodini, mama mwenye mtoto akikutazama usoni.

Ndugu msomaji, Mwalimu Nyerere alizoea kutukumbusha kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961 tulikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Miaka miwili baadaye chuo cha udaktari kikafunguliwa Dar es Salaam. Waliokifungua hawakukifungulia watoto wa wakubwa peke yao. Leo lango lake lina bawabu asiyeuliza "unajua nini?" bali "unakisema kwa lugha ya nani?"

Mbunge wako akija kuomba kura, usimwulize habari ya fulana na kofia. Mwulize amesema nini bungeni kuhusu karatasi ya Baiolojia. Akicheka, mwambie kwamba wewe huna nauli ya kwenda kutibiwa India.