Programu Huria na Mgeni Anayesubiri

Programu huria ina ahadi nzuri: msimbo uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Ahadi hiyo ndiyo iliyowezesha Jambo OpenOffice, toleo la programu ya ofisi ya OpenOffice.org, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, likiwa na menyu za Kiswahili. Lakini leseni haimlazimishi msimamizi wa mradi kuyasoma marekebisho ya mtu wa nje, sembuse kuyapokea.

OpenOffice.org yenyewe ni ushahidi. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua programu ya StarOffice ya Ujerumani mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikauweka msimbo wake hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Muongo mzima ukapita, na kazi kubwa bado ilikuwa mikononi mwa waajiriwa wa kampuni. Wenye ujuzi walikuwepo nje, ila kwanza walitakiwa kutia saini mkataba wa kuipa Sun umiliki wa pamoja wa hakimiliki ya walichoandika. Maelezo mengi ndani ya msimbo yalikuwa ya Kijerumani. Kuijenga tu programu nzima kwenye kompyuta ya nyumbani kulikula saa nyingi. Aliyevuka yote hayo bado aliweza kuona marekebisho yake yakikaa kwenye foleni hadi akate tamaa. Hata Novell, kampuni yenye wahandisi wake, ilifikia kusambaza toleo lenye marekebisho ambayo mradi mkuu haukuyapokea.

Septemba 2010 baadhi ya wachangiaji walijitenga, wakaanzisha LibreOffice. Msimbo ulikuwa uleule, lakini mapokezi yalibadilika kabisa: mkataba wa hakimiliki ukaondolewa, maelezo ya Kijerumani yakaanza kutafsiriwa, na kazi ndogondogo zikaorodheshwa kwa ajili ya wageni, zikiwaonyesha pa kuanzia. Wapya waliingia kwa mamia.

Wapo wanaosema masharti magumu hulinda usalama, na kisa cha XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, kinawapa hoja nzito. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejijengea uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, alikuwa amepenyeza ndani yake njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Hofu hiyo ni halali. Lakini mradi huo ulibebwa na mtu mmoja wa kujitolea, aliyechoka, huku akiandamwa na ujumbe wa kumshinikiza akabidhi usimamizi. Saini kwenye mkataba isingemzuia tapeli mwenye jina bandia. Mkaguzi wa pili, mwenye muda na malipo, angekuwa na nafasi ya kumnasa.

Kukagua kazi ya mgeni ni kazi kamili, na katika miradi mingi haina mlipaji. Kampuni zinazochuma fedha kutokana na programu hizi zinapaswa kuzilipia saa za ukaguzi, si kuongeza vipengele vipya pekee. Na mradi usio na fedha hizo useme mapema ni marekebisho gani hauwezi kuyapokea, kabla mtu hajamaliza jioni zake za mwezi mzima akiyaandika.