Neno la Siri Limekataliwa: Kosa ni la Nani?

Ofisi nyingi siku hizi hufanya kazi zake zote kwa seva moja, na kila Jumatatu asubuhi huzuka ndani yake malalamiko yale yale. Mfanyakazi amewahi kazini, ameandika jina lake na neno lake la siri, na mashine imemkatalia. Ameandika tena, imemkatalia tena, na baada ya majaribio machache akaunti yake imefungwa kabisa. Foleni ya wananchi dirishani yazidi kurefuka. Mkuu wa idara apita akiuliza mbona kazi hazifanyiki, na fundi hutoa jibu alilolizoea: "Amesahau neno lake la siri."

Sisi twasema kwamba jibu hilo mara nyingi si la kweli, na kwamba kulitoa kabla ya kutazama daftari la seva ni kumhukumu mtu bila kumsikiliza.

Neno la siri lililo sahihi kabisa laweza kukataliwa. Tuchukue habari ya saa. Utaratibu uitwao Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT huko Marekani katika miaka ya 1980 na ambao bado watumika katika ofisi nyingi duniani, humpa kila aingiaye tiketi iliyoandikwa wakati. Saa ya kompyuta ikipishana na saa ya seva kwa zaidi ya dakika 5, kwa desturi tiketi hiyo haipokelewi. Basi kabetri kadogo ndani ya kompyuta iliyochakaa kakiisha nguvu, saa yarudi nyuma, na mwenye kompyuta ashindwa kuingia ijapokuwa hakukosea hata herufi moja.

Ipo na sababu nyingine inayowaonea watu kimya kimya. Mfanyakazi amebadili neno lake Ijumaa, kama alivyoamriwa. Lakini simu yake, ambayo humletea barua za kazini, yaendelea kubisha hodi kwa neno la zamani kila baada ya dakika chache. Seva yahesabu makosa hayo, na hesabu ikitimia yafunga akaunti. Fundi aifungua, haipiti robo saa imefungwa tena, na mwenyewe aonekana mzembe mbele ya wenzake. Neno jipya halina kosa lolote. Kosa liko mfukoni. Fundi ambaye angefungua daftari la seva angeona mara moja majaribio yale yametoka katika chombo gani na saa ngapi.

Kisha kuna wingi wa watu. Tangu Robert Morris na Ken Thompson walipoueleza utaratibu huo mwaka 1979, imekuwa kanuni njema kwamba seva isihifadhi neno la siri lenyewe, bali alama iliyotokana na kulisaga kwa hesabu, alama isiyoweza kurudishwa kuwa neno. Hesabu hiyo hufanywa nzito kwa makusudi, ili mwizi asiweze kujaribu maneno mamilioni kwa muda mfupi. Lakini watu mia tatu wakibisha hodi kwa pamoja saa mbili asubuhi, seva ndogo huelemewa. Huchelewa kujibu, na programu iliyochoka kungoja humwandikia mtu maneno yanayomfanya aamini kwamba amekosea. Naye hubisha tena na tena, akiongeza mzigo ule ule unaomzuia. Ni sawa kabisa seva isimwambie mgeni kama kosa liko katika jina au katika neno la siri. Lakini kumwambia mfanyakazi kwamba seva imeelemewa, angoje dakika mbili, kuna hatari gani?

Mambo haya si mageni. MIT ndiko yalikotumika maneno ya siri ya mwanzo ya kompyuta, katika mtambo wa CTSS uliosimamiwa na Fernando Corbató na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Siku moja katika miaka ile, watunzaji wawili walisahihisha mafaili mawili kwa wakati mmoja, na programu ikayachanganya kwa kuwa iliyapa yote mawili jina moja la muda. Kila aliyeingia akaandikiwa, badala ya tangazo la siku, orodha nzima ya maneno ya siri ya watu wote. Watumiaji hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Hatari iliyo kubwa zaidi hutokea baada ya mtu kufungiwa nje. Kufunguliwa kukichukua nusu siku, na kazi yangoja, atafanya nini? Ataazima jina la mwenzake. Tangu dakika hiyo, kila malipo na kila hati yaandikwa kwa jina la mtu ambaye hakuwapo. Fedha zikipungua, ni huyo atakayeitwa. Uingereza imeona uchungu wa kuamini daftari la mashine kupita kiasi. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha posta ndogo walitiwa hatiani katika mashauri yaliyohusu hesabu za mtambo wa Horizon. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikuta kwamba mtambo ule ulikuwa na kasoro, na kwamba hesabu za posta ziliweza kubadilishwa kutoka mbali bila mwenye posta kujua. Mwaka 2024 Bunge lao lilipitisha sheria ya kufuta hukumu nyingi za namna hiyo. Wengine walikwisha kufungwa, na wengine walikwisha kufa.

Wakuu wengine hudhani dawa ni kulazimisha neno jipya kila siku 90. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilishauri mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili kwa kalenda tu, bali pale penye dalili kwamba neno limevuja. Kila mfanyakazi ajua sababu: aliyechoka hubadili tarakimu ya mwisho, 7 ikawa 8, na siku ya pili amesahau ni ipi.

Wafanyakazi nao hatuwasamehi yote. Karatasi yenye neno la siri iliyobandikwa chini ya kibodi ni uzembe. Kumpa neno hilo mtu apigaye simu akijiita fundi ni hatari, maana fundi wa kweli halihitaji. Na anayekataliwa mara mbili asiendelee kubahatisha. Aandike saa na maneno aliyoonyeshwa, kisha ayapeleke kwa fundi.

Kwa upande wa wakuu, twataka fundi awepo saa kazi zinapoanza, na akaunti iliyofungwa ijifungue yenyewe baada ya muda mfupi uliowekwa. Na kabla mtu hajakatwa mshahara kwa siku aliyofungiwa nje, asomewe daftari la seva, mbele ya mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi.