KAZI ZA MIKONO: Gari la Moshi la Thika Juu ya Meza

Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikitoka Nairobi na kupitia Ruiru, nayo wakati huo ilijulikana kwa jina la Tramu ya Thika. Ilipofika mwaka 1930 ilikuwa imekwisha kuendelezwa hadi Nanyuki. Kwa zaidi ya miaka sitini injini za moshi zilivuta watu, kahawa na mkonge katika njia hiyo. Kisha zikaja injini za dizeli, na kufikia miaka ya 1980 zile za moshi zilikuwa zimeondolewa kazini. Nyingi zilikatwa vipande, zikauzwa kama chuma kikuukuu. Kijana aliyezaliwa Ruiru baada ya hapo hawezi kuzijua ila kwa picha, au kwa maneno ya wazee, au kwa mfano uliotengenezwa vema.

Mfano huo ndio habari ya juma hili. Kuna mifano ya injini za moshi ambayo huuzwa ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, naye mnunuzi huiunga mwenyewe nyumbani. Vipande vingi ni vya metali nyeupe, yaani bati lililochanganywa na antimoni, na mara nyingi na risasi. Metali hii huyeyuka kwa moto mdogo, na kwa sababu hiyo mafundi huweza kuimimina katika kalibu za mpira, ikatoka na alama ya kila ribiti na kila bawaba. Fremu inayobeba magurudumu huwa ya bamba jembamba la shaba ya manjano. Injini yenyewe haiendi kwa mvuke; ndani yake hufichwa mota ndogo ya umeme.

Kabla ya kushika tupa, mjenzi yampasa ajiulize maswali matatu. Asiyejiuliza atapata kitu cha kupendeza macho, lakini kitakuwa kikisema uongo.

Swali la kwanza: ni injini gani? Injini iliyosifiwa kuliko zote katika Afrika ya Mashariki ni ile ya kundi la 59, iliyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester. Zilikuwa 34, zikaletwa mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima. Uzito wake ulikuwa karibu tani 250, na urefu wake zaidi ya mita 31. Ilikuwa ya namna ya Garratt, yaani boila moja kubwa iliyoning'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, kila seti na silinda zake, ili injini ndefu iweze kupinda katika kona. Walakini kila ekseli yake ililemea reli kwa tani 21 hivi, na kazi yake ilikuwa katika reli kuu ya Mombasa na Nairobi. Mtu akiiweka mbele ya mfano wa stesheni ya Thika, ameweka tembo juu ya daraja la miti.

Kwa reli nyepesi za matawi, kampuni hiyo hiyo iliagizwa Garratt ndogo za kundi la 60, zisizozidi tani 11 hivi kwa ekseli. Zilikuwa 29, zikaanza kazi mwaka 1953 na 1954, na 12 za kwanza ziliundwa Ufaransa kwa niaba yake. Zilikuwako pia injini zisizo Garratt, zilizopewa majina ya makabila. Mjenzi wa Thika na atafute katika jamii hizo.

Swali la pili: reli yenyewe ina upana gani? Reli ya Thika ni ya mita moja. Mifano mingi hupunguzwa mara 87. Basi mita moja huwa milimita 11 na nusu, na wajenzi hutumia reli ya milimita 12. Lakini reli inayopatikana kwa urahisi zaidi madukani ni ya milimita 16 na nusu. Ukizidisha hiyo mara 87 utapata mita 1.435, na huo ndio upana wa reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, wala si wa reli ya Thika. Tofauti ya milimita nne na nusu ni ndogo kuliko punje ya mchele, lakini katika mfano hutenganisha reli mbili na zama mbili.

Swali la tatu: ni mwaka gani? Injini za kundi la 60 zilipoletwa zilikuwa na vibao vyenye majina ya magavana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye vibao hivyo viliondolewa vyote. Kwa hiyo mjenzi atakayegandisha kibao cha gavana juu ya injini, kisha aizungushie mabehewa ya miaka ya 1970, amechanganya nyakati. Vilevile asimwage makaa ya mawe ndani ya tangi la nyuma kama alivyoona katika picha za Uingereza, kwa maana injini hizi zilichoma mafuta mazito.

Maswali yakiisha kujibiwa, kazi huanza. Vipande vyote huhesabiwa na kulinganishwa na karatasi ya maelezo, kisha huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili mafuta ya kalibu yatoke. Kingo zilizozidi husuguliwa kwa tupa laini. Halafu kila kipande hujaribiwa mahali pake kikiwa kikavu, bila gundi wala lehemu. Fundi mwema huunga injini nzima kwa mikono na utepe mara mbili au tatu kabla ya kuwasha moto.

Fremu hutangulia. Ekseli zikae sambamba, na vipini vya magurudumu ya kulia vipishane na vya kushoto kwa robo ya duara, kama ilivyo katika injini ya kweli. Kwa njia hiyo, upande mmoja unapofika mwisho wa kusukuma, wa pili huwa katikati ya nguvu zake. Katika Garratt kazi hii hufanywa mara mbili, kwa kuwa seti za magurudumu ni mbili. Fremu isukumwe kwa kidole juu ya kioo. Ikikwama hata kidogo, isitiwe mota, bali kosa litafutwe kwanza. Mota haiponyi fremu iliyopinda, huivunja.

Ndipo huja kulehemu, na hapa ndipo wengi walipoharibu. Lehemu ya mafundi wa redio huyeyuka kwenye digrii 183 au zaidi, na ncha ya chuma cha kulehemia hupita digrii 300. Ncha hiyo ikigusa metali nyeupe, dohani iliyochukua siku nzima kusafishwa huwa tone moja mezani kwa kufumba na kufumbua. Iko lehemu ya metali nyeupe inayoyeyuka kwenye digrii 70, nayo hutumiwa kwa chuma kinachoweza kupunguzwa moto. Lehemu hiyo haishiki shaba tupu. Kwa hiyo shaba hupakwa kwanza lehemu ya kawaida, ikapoa, ndipo kipande cha metali nyeupe kikaungwa juu yake. Asiye na chombo hicho na atumie gundi ngumu ya kuchanganya, akingoje kila kiungo kikauke hadi kesho yake. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Jambo moja halina mzaha. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Madirisha yawe wazi wakati wa kulehemu. Vumbi la tupa lisipulizwe kwa mdomo, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kisirudi jikoni. Mtu asile wala asinywe chai mezani pa kazi, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Huenda mtu akauliza kuna faida gani katika taabu hii yote. Jibu lake liko Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo zimesimama injini mbili za kundi la 59, nambari 5918 iitwayo Mount Gelai na nambari 5930 iitwayo Mount Shengena. Kati ya zile 34, ni hizo mbili tu zilizobaki. Hapo pia ipo nambari 6006 ya kundi la 60, iliyopewa jina la Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Mjenzi kutoka Thika au Ruiru anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, akiwa na utepe wa kupimia, daftari na penseli.

Lakini injini iliyosimama haisemi yote. Haisemi ni nambari gani zilizofika Thika, wala masizi yalishika wapi, wala mpiga moto alitundika wapi taa yake. Hayo yamo katika vichwa vya wazee waliozifanyia kazi, na dereva aliyekuwa na umri wa miaka thelathini mwaka 1975 leo ana themanini au zaidi. Kijana mwenye adabu, akimwendea mzee wa namna hiyo na mfano usiokwisha mkononi, na kusema, "Shikamoo mzee, naomba unirekebishe hapa," atapata mambo yasiyoandikwa katika karatasi yoyote ya sandukuni. Na ayaandike daftarini siku ile ile, pamoja na jina la mzee aliyemweleza.

Kwa hiyo safari ya kwenda kwa mzee itangulie safari ya kununua lehemu. Kiungo kilichokosewa huweza kufunguliwa kwa maji ya moto na kuungwa upya. Mzee akiisha kwenda zake, hakuna wa kuulizwa.