Tahariri: Dawa ya usubi ni deni la pande mbili

Kila msimu wa kingatiba, mgawa dawa hupanda na kushuka vilima vya Usambara Mashariki, Amani hadi Zirai, fimbo ya kupimia urefu mkononi, rejista kwapani. Na kila msimu hukuta jibu lile lile mlangoni: "Mimi siumwi, nimeze dawa ya nini?"

Jibu hilo lingefaa kama mtu angeishi peke yake. Inzi mweusi wa mtoni humnyonya mmoja leo, akaja kumuuma mwingine na kumwachia vimelea. Minyoo mikubwa ya usubi hukaa mwilini miaka 10 hadi 15, na Mectizan, dawa inayogawiwa, haiiui. Inachoua ni vitoto vyake vinavyotambaa chini ya ngozi, vile viletavyo muwasho na mwishowe upofu. Ndiyo maana dawa hurudi mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana anayejiona mzima anaweza kuwa ndiye anayemlisha inzi. Kumfuata inzi mtoni nako si kazi nyepesi huku kwetu: vibuu vyake hujishikiza kwenye kaa wa vijito.

Wasambaa wana maneno mawili waliyowapimia watawala wao: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mizani ilikuwa hali ya nchi yenyewe, mvua na chakula, si maneno matamu ya mtawala. Tunaiazima mizani hiyo kwa raia. Mjamzito hapewi dawa, wala mtoto asiyefika sentimita 90, wala mgonjwa mahututi, wala mama aliyejifungua wiki hii. Mwenye shingo ngumu hayumo katika orodha hiyo. Huyo anabana shi.

Lakini lawama isiishie mlangoni kwake. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, wazazi walivamia shule kwa uvumi kwamba dawa ya kichocho inawadhuru watoto wao, hadi polisi wakaitwa. Ni rahisi kuuita ujinga. Dawa ile humezwa mtu akiwa ameshiba, la sivyo humletea kizunguzungu na kichefuchefu. Mzazi asiyeambiwa hayo mapema atajitafutia maelezo yake mwenyewe. Na milima hii ya Usambara ilishaonja amri isiyo na mazungumzo: mpango wa matuta wa Mlalo, uliosukumwa na Waingereza, wakulima waliukataa katika miaka ya 1950.

Mectizan nayo huweza kuwasha na kuvimbisha kwa siku chache, hasa kwa mwenye vimelea vingi. Hilo lisemwe kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya vidonge kufika, na isemwe pia ni nani wa kumwendea usiku mtu akivimba. Mganga mfawidhi ambaye hajaitisha mkutano huo hana haki ya kumwandika mtu yeyote katika rejista kwamba amegoma.