Neoni ikikataa kuwaka, usikimbilie kununua



Swali la juma hili limetoka kwa wamama wa ushonaji, lakini najua ni la wengi. Neoni ya chumba cha kazi imekataa kuwaka. Fundi amekuja, ameangalia juu kidogo, akasema vyote vimekufa: bomba, stata na balasti, kwa hiyo lazima kununua regleti mpya nzima. Je, ni kweli? Inawezekana. Lakini ni nadra vitu vitatu kufa siku moja, na kikundi kinachoweka franka kidogo kidogo kina haki ya kumuuliza fundi: ni kipi hasa kimeharibika, na umejuaje?

Tuanze na namna neoni inavyowaka. Ndani ya lile bomba la kioo kuna gesi na zebaki kidogo sana, na kila mwisho kuna kiwaya chembamba. Ukiwasha, stata (kile kikopo kidogo, unene wake kama kidole gumba) hufunga njia ili umeme upite kwenye viwaya vyote viwili vipate joto. Kisha stata huachia ghafula, na hapo balasti, lile pande zito lililofichwa ndani ya regleti, hutoa pigo moja la umeme lenye nguvu kupita zile volti 220 za nyumbani. Pigo hilo ndilo linalowasha bomba zima. Ndiyo sababu neoni hukonyeza mara mbili tatu kabla ya kutulia. Regleti nyingine za sasa hazina stata kabisa. Leo nasema juu ya zile za stata.

Kabla ya kulaumu taa, angalia saa. Kituo chetu cha umeme cha Tshopo kilianza kazi katika miaka ya 1950, na mji haujaacha kukua tangu hapo. Jioni, kila nyumba yenye umeme inapowasha, nguvu hushuka. Neoni inayokonyeza bila kuwaka saa moja ya usiku, lakini alfajiri inawaka vizuri, haina ugonjwa. Umeme ndio dhaifu, na hata ukinunua bomba jipya, kesho jioni litakonyeza vilevile. Basi usiiache ikonyeze usiku kucha, maana kila konyezo hula stata na vile viwaya. Izime, uwashe tena baadaye.

Kama umeme ni mzuri na taa bado inakataa, tunaingia kazini. Lakini sikilizeni kwanza hili, wamama, kwa maana ndilo linaloniogopesha kuliko mengine yote. Wengi wetu hupanda kiti kurekebisha taa wakati umeme umekatwa, tukidhani hiyo ndiyo saa ya usalama. Umeme wa zamu haubishi hodi ukirudi. Shusha dijonkta, ile inayokata umeme wa nyumba nzima, hata kama kuna giza mtaa mzima, na weka mtu mzima mmoja hapo asimame asiruhusu mtoto kuipandisha. Suishi ya ukutani haitoshi. Mafundi wengine huiweka kwenye waya usiofaa, taa inazimika lakini umeme unabaki ndani ya regleti. Simama juu ya kiti kikavu cha mbao, mikono mikavu, na viatu miguuni.

Dawa ya kwanza haina bei: zungusha bomba kidogo, lirudi, likae sawa. Hewa ya mji wetu ni ya maji maji, na zile pini za mwisho hushika kutu. Toa bomba, zifute kwa kitambaa kikavu, lirudishe. (Wenye kufuga samaki wa mapambo ndani ya sanduku la kioo huweka neoni fupi juu yake, na ugonjwa wao mkubwa ni huo huo: mvuke wa maji unakula pini.)

Ikikataa bado, azima stata kutoka taa inayowaka vizuri, nyumbani au kwa jirani. Stata ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika regleti, na ndicho huchoka mara nyingi. Ukiona miisho miwili ya bomba inabaki myekundu na katikati hakuna mwanga, stata imeshikamana, haiachii. Badilisha hiyo tu. Uwe mwangalifu sokoni: iko ya bomba refu na iko ya mabomba mafupi mawili yaliyofuatana. Soma wati zilizoandikwa, au peleka ya zamani mkononi.

Stata nzuri haikusaidia? Azima bomba, la urefu ule ule na wati zile zile: la mita 1.20 mara nyingi ni wati 36, la sentimeta 60 ni wati 18. Bomba lenye miisho myeusi kama masizi limezeeka, hakuna wa kulifufua.

Ikiwa stata nzuri na bomba nzuri vyote vimekataa, hapo imebaki balasti au waya, na hapo mwite fundi. Mwite pia, na usiwashe tena, ukisikia harufu ya kuungua au ukiona kitu cheusi kama lami kinatiririka kwenye regleti. Sasa ana kazi moja ya kufanya, na bei ya kazi moja.

Neno juu ya mabomba yaliyokufa. Watoto wanayapenda kwa kuchezea kama panga. Ile zebaki ya ndani ni kidogo, lakini ni ile ile wachimbaji wa dhahabu wanayotumia, na ikiingia mtoni inageuka sumu inayokaa ndani ya samaki. Mama mwenye mimba na mtoto mchanga ndio wanaoumizwa zaidi. Bomba likivunjika chumbani, toa watoto, fungua madirisha na mlango, ngoja kama robo saa. Usipige fagio, maana unarusha ule unga mweupe hewani. Kusanya kwa karatasi ngumu, pangusa kwa kitambaa chenye maji, weka vyote ndani ya chupa yenye kifuniko.

Mabomba haya hayatakuwepo siku zote. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata juu ya zebaki zilikubaliana kuacha kutengeneza na kuuziana taa za namna hii ifikapo mwisho wa 2027. Kwa hiyo kama balasti yenu imekufa, ulizeni kwanza bei ya bomba la LED, linalokula nusu ya umeme na halina zebaki. Lakini msilichomeke tu ndani ya regleti ya zamani: mengine huja na stata yake ya pekee, mengine yanataka balasti itolewe, na hiyo ni kazi ya fundi.

Jumamosi nitaleta regleti moja nzee kwenye mkutano, isiyo na umeme, kila mama aishike na kutoa stata kwa mkono wake.