Kipimo Kimfaacho Fundi wa Nyumbani

Wazee wa pwani walikuwa na vipimo vyao katika miili yao wenyewe. Upana wa kidole uliitwa wanda. Toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikikunjuliwa, ilikuwa shibiri; shibiri mbili zilifanya mkono, na mikono minne ilifanya pima. Vipimo hivyo vilifaa sana kwa nguo, kamba na miti ya kujengea, maana nyumba haianguki kwa sababu boriti imezidi nusu wanda. Tena havikununuliwa, wala mtu hakuweza kuvisahau nyumbani.

Lakini chuma si mti. Reli ya zamani, iliyofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1907, ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya miji hiyo mwaka wa 2024, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kwenda juu ya reli ya pili, hata likiwa zima na lenye nguvu namna gani. Hiyo ni tofauti ionekanayo kwa macho. Ndani ya mashine tofauti huwa ndogo kuliko unene wa unywele, walakini hukumu yake ni ile ile: kitu hakiingii mahali pake, au huingia na kucheza mpaka kivunjike.

Natuseme mashine ya kusaga unga imesimama katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, upande wa Matombo au wa Mgeta. Beringi imevunjika, na namba yake imefutika. Mwenye mashine anakata kijiti, anakilinganisha na tundu la beringi, kisha anashuka nacho mpaka mjini Morogoro. Dukani kijiti chaingia vizuri, naye anarudi kwa furaha. Kumbe beringi iitwayo 6206 na ile iitwayo 6306 zote mbili zina tundu la milimita 30. Ila ya kwanza ina upana wa nje wa milimita 62, na ya pili 72. Hata kama angalipima upana wa nje peke yake asingaliokoka, maana beringi ya 6305 nayo ina milimita 62 kwa nje, lakini tundu lake ni 25. Basi nauli imepotea, siku mbili zimepotea, na akina mama wanabeba mahindi kwenda kutafuta mashine ya kijiji kingine. Tena mtu akiona haya kurudi mjini, huenda akakizungushia kitu hicho kipande cha bati na kukipiga nyundo. Shafti hukaa upande, mashine hutikisika, na chuma huliwa kidogo kidogo. Bandu! Bandu! Huisha gogo.

Kwa hiyo fundi wa nyumbani yampasa awe na kipimo cha kweli. Je, kipi? Rula na tepu hazitoshi, kwa kuwa haziwezi kushika kitu cha mviringo wala kuingia katika tundu. Kifaacho kuliko vyote kwa mwanzo ni kalipa ya vernia yenye urefu wa milimita 150. Taya zake kubwa hupima nje, taya zake ndogo hupima ndani, na ulimi wake mwembamba hupima kina cha tundu. Kifaa kimoja hufanya kazi tatu.

Jina la vernia ni la Pierre Vernier, mtu wa Ornans, mji ulio sasa katika nchi ya Ufaransa. Yeye aliieleza njia hiyo katika kitabu chake mwaka wa 1631. Kalipa ina chuma kirefu chenye mistari ya milimita, na juu yake kipande kitelezacho. Katika kalipa ya kujifunzia, kipande hicho kina sehemu 10, nazo zote pamoja zina urefu wa milimita 9 tu. Basi kila sehemu imepungua milimita moja kwa sehemu moja ya kumi. Mstari wa sifuri ukiwa umepita 12, na mstari wa 4 ukilingana sawasawa na mstari wowote wa chuma kirefu, kipimo ni milimita 12.4. Kalipa nyingi za dukani zina sehemu zaidi ya hizo, nazo husoma hata 0.05 au 0.02 ya milimita.

Wako wasemao, Heri mikromita, maana husoma 0.01 ya milimita. Ni kweli, nayo ni kifaa cha heshima tangu Jean Laurent Palmer alipoiandikisha mjini Paris mwaka wa 1848. Lakini mikromita ya kawaida hupima nje tu, na nafasi yake ni milimita 25. Apimaye kitu kikubwa zaidi hana budi kununua ya pili na ya tatu. Kazi yake ni pistoni na shafti za injini. Mwenye kazi hiyo na ainunue baadaye.

Wengine husifu kalipa ya umeme, ambayo huonyesha tarakimu kwenye kioo. Kwa mtu ambaye macho yake yamechoka, hiyo ni msaada mkubwa, wala hapana sababu ya kumlaumu. Lakini betri huisha, na unyevu wa milimani hauvipendi vifaa vya namna hiyo. Tena kijana aliyezoea kusomewa na kioo hajui kama kioo kimekosea. Aliyejifunza vernia aweza kusoma zote mbili.

Wako pia mafundi wazee wasemao ya kuwa mkono wao watosha. Mkono wa fundi mzee ni mali kubwa, maana huijua beringi iliyochoka kabla haijalia. Lakini mkono hausafiri. Namba husafiri. Mtu aliye Mgeta akimwambia muuza vyuma kwa simu, ‘Ndani 30, nje 62, unene 16,’ amekwisha kununua bila kushuka mlima.

Anunuaye kalipa asidanganywe na mng’ao wake. Na aifunge taya zake na kuitazama mbele ya mwanga. Mwanga ukipita, aiache. Kisha atazame kama sifuri imelingana na sifuri, na kama kipande kitelezacho chaenda bila kukwama wala kuyumba. Mwisho aombe beringi mpya ya 6206, apime upana wake wa nje. Beringi njema haipungui milimita 62 hata kwa sehemu mbili za mia. Kalipa ikionyesha vingine, kosa ni la kalipa.

Kalipa njema si kitu cha kila mfuko. Lakini kijiji chenye mashine moja na pikipiki nyingi chaweza kuchanga na kununua moja kwa shirika, ikatunzwa na mtu mmoja mwaminifu, katika mfuko wake, mbali na misumari na nyundo. Gharama hiyo itarudi katika nauli za safari zisizokuwa na haja.

Maswali

1. Kwa nini kijiti hakitoshi kuchagulia beringi?
2. Katika kalipa yenye sehemu 10, mstari wa sifuri umepita 25, na mstari wa 7 ndio uliolingana. Kipimo ni milimita ngapi?
3. Fundi wa milimani na anunue kalipa ya vernia au ya umeme? Toa sababu mbili.